Seli za Kijusi katika Damu ya Mama: Kipimo cha Kleihauer na Usomaji Wake

Damu ya mama na damu ya kijusi, yaani mtoto angali tumboni, hupita jirani kabisa ndani ya kondo la nyuma bila kuchanganyika, kwa kuwa kati yake umewekwa utando mwembamba unaoruhusu hewa, chakula na taka kupita huku ukizizuia seli zenyewe. Kwa muda mrefu waganga waliamini kwamba utando huo haupenyeki, na imani hiyo ilikuwa na mantiki yake, maana haikuwapo njia ya kuitambua seli moja ya mtoto katikati ya maelfu ya seli za mama zinazofanana nayo kwa umbo na kwa rangi. Leo inajulikana kwamba seli za kijusi huvuja kuingia kwa mama katika mimba nyingi, hasa wakati wa kujifungua, na kwamba kwa walio wengi kinachovuja hakifiki mililita 4. Wachache sana, wapatao 3 katika kila wazazi 1,000, huvujiwa na mililita 30 za damu ya mtoto au zaidi, na kiasi hicho si kidogo hata kidogo, kwa kuwa mtoto wa kilo tatu, ukimhesabia na damu iliyomo katika kondo lake, ana takriban mililita 300 tu.

Kwa hiyo swali linaloulizwa maabara si kama seli za mtoto zimo katika damu ya mama, bali ni ngapi. Mhadhara huu unahusu namna seli hizo zinavyohesabiwa, na unadai kwamba hesabu hiyo, iliyobuniwa Ulaya kwa kutumia damu za Wazungu, hujengwa juu ya dhana moja ambayo katika Afrika Mashariki haiwezi kupokewa bila kuhojiwa: kwamba himoglobini ya kitoto ikionekana katika damu ya mtu mzima, basi imetoka kwa mtoto.

Haja ya kuhesabu ilitokana na ugonjwa. Mwaka 1939 Philip Levine na Rufus Stetson walieleza habari za mwanamke wa New York aliyejifungua mtoto mfu, akatiwa damu ya mumewe, naye akadhurika vibaya ingawa damu hizo mbili zilikuwa za kundi moja la ABO; mwaka uliofuata Karl Landsteiner na Alexander Wiener wakatangaza mfumo wa Rh, na mambo hayo mawili yakaja kufahamika kuwa ni jambo moja. Baadhi ya watu wana antijeni D juu ya seli zao nyekundu, nao huitwa Rh chanya. Wengine hawana, nao huitwa Rh hasi. Mama mwenye Rh hasi akiingiwa na seli za mtoto mwenye Rh chanya, mwili wake huweza kuziona kuwa ni ngeni na kutengeneza kingamwili, yaani protini za kujilinda, ambazo katika mimba inayofuata huvuka kondo la nyuma na kuangamiza damu ya mtoto wa pili. Matokeo yake ni upungufu wa damu, kuvimba mwili, manjano makali yanayoweza kuharibu ubongo, na mara nyingi kifo. Wiener alidokeza mwaka 1948 kwamba kijusi huweza kuvuja damu kuelekea kwa mama kwa kiasi cha kujidhuru chenyewe, na mwaka 1954 Bruce Chown wa Winnipeg, Kanada, akathibitisha kwa mfano halisi. Kilichokosekana ni njia nyepesi ya kuzionyesha seli hizo.

Njia hiyo ilikuwa imefichika katika tabia moja ya himoglobini iliyokuwa imeonekana tangu karne ya kumi na tisa. Himoglobini ni protini nyekundu inayobeba oksijeni, nayo huundwa na minyororo minne. Ya mtu mzima ina miwili aina ya alfa na miwili aina ya beta. Ya kijusi, ndiyo iitwayo pia ya kitoto, ina miwili ya alfa na miwili ya gama. Tofauti hiyo ndogo humfaa mtoto, kwa sababu himoglobini yenye gama hushika oksijeni kwa nguvu zaidi, hivyo huweza kuivuta kutoka katika damu ya mama. Mwanasayansi wa Kijerumani aitwaye Körber aliripoti mwaka 1866 kwamba damu itokayo katika kondo haiharibiki upesi inapotiwa magadi makali kama inavyoharibika damu ya mtu mzima, na ugunduzi huo ukakaa miaka mingi bila kupewa kazi kubwa. Mtoto anapozaliwa, sehemu kubwa ya himoglobini yake, kati ya asilimia 60 na 80 kwa kawaida, huwa bado ni ya kitoto. Kisha humpungukia mwezi baada ya mwezi, na katika mwaka wa kwanza au baadaye kidogo hubaki chini ya asilimia 2.

Mnamo 1957 Enno Kleihauer, Hildegard Braun na Klaus Betke, waganga wa watoto katika Ujerumani ya Magharibi, walichapisha makala iliyoonyesha kwamba himoglobini ya kitoto hustahimili asidi vilevile, na kwamba ustahimilivu huo unaweza kuonekana katika seli moja moja juu ya kioo cha hadubini. Fahari ya ugunduzi wao iko hapo. Waliotangulia walikuwa wakipima damu nzima ndani ya chupa na kupata wastani, na wastani hauwezi kutofautisha hali mbili zilizo mbali kabisa: damu ambayo kila seli yake ina himoglobini ya kitoto kidogo, na damu ambayo seli chache zimejaa himoglobini hiyo huku nyingine zote hazina kabisa. Hali ya kwanza ni maumbile ya mama, ya pili ni damu ya mtoto iliyovuja, na ni kioo tu kilichoweza kuzitenganisha.

Utaratibu wenyewe haudai mtambo wa gharama. Damu ya mama huchukuliwa katika chupa yenye dawa ya kuizuia isigande, na tone lake, likishapunguzwa makali kwa maji ya chumvi, hupakwa juu ya kioo kwa utandu mwembamba ambamo seli hazipandani. Utandu ukikauka huzamishwa katika spiriti ya asilimia 80 kwa dakika chache ili seli zishike kioo na zisipasuke. Kisha kioo hutiwa katika bafa, yaani kiowevu kinachotunza kiwango cha uasidi kisibadilike, ambacho kiwango chake cha pH ni karibu 3.3 na joto lake ni nyuzi 37, sawa na joto la mwili. Ndani ya bafa hiyo himoglobini ya mtu mzima huyeyuka na kutoka nje ya seli, ilhali ya kitoto hubaki mahali pake. Kioo huoshwa, hutiwa rangi nyekundu ya eosini au eritrosini, na hutazamwa. Seli za mama hubaki maganda matupu, zimepauka mithili ya khanga iliyochujuka, kiasi kwamba maabara nyingi huziita vivuli. Seli ya mtoto huonekana katikati yake ikiwa nyekundu iliyokolea, yenye kung'aa na mviringo uliojaa. Palipo seli nyeupe za damu, ambazo nazo hushika rangi, kiini chake ndicho kinachozifichua, ndiyo maana rangi ya pili ya kuonyesha viini huongezwa.

Maelezo hayo hufanya kazi ionekane rahisi kuliko ilivyo. Bafa ikipoa kidogo, au ikikaa siku nyingi kwenye kabati na uasidi wake ukahama, seli za mama hazitoki rangi zote, na kioo kizima hujaa seli za waridi zisizo za huku wala za kule. Utandu ukiwa mzito, asidi haifiki chini. Kwa sababu hiyo maabara inayojiheshimu haisomi kioo cha mgonjwa peke yake: huandaa pamoja nacho kioo cha damu ya mwanamume mzima, ambacho hakitakiwi kuonyesha seli hata moja iliyokolea, na kioo cha damu hiyohiyo iliyochanganywa na damu ya kitovu cha mtoto mchanga kwa kipimo kinachojulikana, tuseme moja kwa mia. Kioo cha kwanza kikiwa na seli nyekundu, au cha pili kikizikosa, kazi yote ya siku hiyo hurudiwa. Hatua hii ndiyo inayorukwa kwanza pale wagonjwa wanapozidi, na hakuna hatua nyingine ambayo kuiruka hugharimu zaidi.

Kipimo kilipata umuhimu wake mkubwa miaka ya 1960, dawa ya kuzuia ugonjwa wa Rh ilipotafutwa katika miji miwili kwa wakati mmoja. Huko Liverpool, Ronald Finn na Cyril Clarke waliwapima akina mama baada ya kujifungua kwa njia ya Kleihauer na wakaona kwamba waliokuwa na seli nyingi za mtoto ndio waliokuja kutengeneza kingamwili mara nyingi zaidi. Huko New York, Vincent Freda, John Gorman na William Pollack walifanya majaribio kwa wafungwa wa kujitolea katika gereza la Sing Sing, jambo ambalo kamati za maadili za siku hizi zisingelipitisha kirahisi. Pande zote mbili ziliishia kwenye wazo lilelile: mama akidungwa kingamwili dhidi ya antijeni D zilizotolewa kwa watu wengine, seli za mtoto husafishwa kabla mwili wake haujazizoea na kujifunza kuzipiga. Sindano hiyo ya anti-D iliidhinishwa Marekani mwaka 1968, na sasa imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Hutolewa ndani ya saa 72 baada ya kujifungua.

Dawa hii hufanya kazi kwa uzani. Maikrogramu 300, ambazo ni sawa na yuniti 1,500 za kimataifa, hutosha kuzimaliza seli zilizomo katika mililita 30 za damu ya mtoto, ambazo nusu yake tu, yaani mililita 15, ni seli zenyewe. Zikizidi hapo, zinazobaki huendelea kumfundisha mama kutengeneza kingamwili, na sindano huwa imetolewa bure. Hapo ndipo hesabu inapoingia. Nchini Uingereza hutumika kanuni ya Patrick Mollison, ambayo huanza na mililita 1,800 za seli nyekundu zinazokadiriwa kuwamo mwilini mwa mama, ikasahihisha kwa kuwa seli ya mtoto ni kubwa kuliko ya mtu mzima kwa asilimia 22 na kwa kuwa seli za mtoto zinazokolea rangi ni 92 tu katika 100, na hatimaye ikapata 2,400. Namba hiyo huzidishwa kwa uwiano wa seli za mtoto kwa seli za mama. Ikionekana seli moja ya mtoto kwa kila seli 600 za mama, zilizovuja ni mililita 4 za seli, na kwa kipimo cha yuniti 125 kwa kila mililita, sindano ya yuniti 500 iliyozoeleka huko inatosha kwa kubana. Wamarekani hufika karibu na hapohapo kwa njia fupi: huchukua mililita 5,000 kuwa ndiyo damu yote ya mama, wakazidisha asilimia ya seli za mtoto kwa 50, wakagawa kwa 30. Mama mwenye asilimia 1.3 amevujiwa na mililita 65, ambazo zikigawanywa hutoa 2.17, namba hiyo huteremshwa kuwa 2, kisha huongezwa chupa moja, na mama hupewa chupa tatu.

Chupa ile ya ziada huwashangaza wanafunzi, ambao huidhania kuwa ni desturi ya tahadhari tu, kumbe msingi wake ni hisabati. Tuseme mhesabuji amepitia seli 2,000, kama ilivyo kawaida, na kwamba uvujaji halisi ni mililita 30, yaani asilimia 0.6. Seli anazotarajiwa kuziona ni 12, lakini kwa bahati nasibu ya jinsi seli zilivyotawanyika juu ya kioo, anaweza bila kosa lolote kuona 5 au kuona 19, na majibu yake yakawa mililita 12 na nusu au karibu 48. Uvujaji ukiwa mdogo zaidi, hali huwa mbaya zaidi: wa mililita 5 unatarajiwa kutoa seli mbili tu katika hizo 2,000, na vioo 13 hivi katika kila 100 havitaonyesha hata moja. Anayetaka majibu yenye uhakika hana budi kuhesabu seli nyingi zaidi, na mwenye kuhesabu kwa jicho la hadubini huchoka. Ndiyo sababu maabara mbili zinazopokea damu ya chupa moja hutofautiana, na daktari anayeipokea namba kana kwamba imetoka kwenye mizani ya dhahabu hajaelezwa jinsi ilivyopatikana.

Makosa hayo ya bahati angalau hupunguzwa kwa kurudia. Liko kosa jingine ambalo kurudia hakulisaidii, nalo hutoka ndani ya mama mwenyewe. Kila mtu mzima ana seli chache zilizobakiza himoglobini ya kitoto, na baadhi ya wanawake huongezeka seli hizo wanapopata mimba. Kwa Mzungu wa kawaida ongezeko ni dogo na kanuni hulipuuza. Katika ukanda unaozunguka Ziwa Victoria, katika pwani ya Afrika Mashariki na katika sehemu kubwa ya Kongo, mambo ni mengine, kwa kuwa huko ugonjwa wa selimundu, ambao seli nyekundu hupinda umbo kwa sababu ya mnyororo wa beta wenye kasoro, ni miongoni mwa magonjwa ya kurithi yaliyoenea zaidi. Anayebeba kirithi (jeni) kimoja tu cha selimundu kwa kawaida hana himoglobini ya kitoto nyingi. Mgonjwa mwenyewe, aliyerithi kwa baba na kwa mama, mara nyingi ana asilimia 5 hadi 10, na asiyekuwa nayo ya kutosha hupewa hidroksiyurea, dawa ambayo sehemu kubwa ya faida yake ni kuipandisha, ingawa wajawazito kwa kawaida huachishwa. Zipo pia familia zenye maumbile ya kutoipoteza himoglobini ya kitoto maisha yao yote, bila kuumwa kitu.

Mama wa aina hiyo akipimwa kwa njia ya Kleihauer, kioo hujaa seli zenye rangi, na msomaji asiyekuwa na habari zake huandika asilimia 8, ambayo kwa kanuni ya Kimarekani ni mililita 400 za damu ya mtoto, kiasi kinachozidi damu yote aliyo nayo mtoto aliyelala pembeni akinyonya. Hesabu ya namna hiyo hujikanusha yenyewe. Inayodanganya ni ile ndogo, ya asilimia 1 au 2, inayoweza kuaminika na kumfanya mama adungwe chupa tatu au nne za dawa ya bei ghali asizozihitaji zote. Jicho lililozoea huiona tofauti: seli za mama huwa na ngazi nyingi za rangi, kuanzia waridi hafifu hadi nyekundu, pasipo mpaka, ilhali seli za mtoto hukolea zote kwa kiwango kimoja na husimama mbali na vivuli. Hata hivyo fomu ya maabara haina nafasi ya kuandika ngazi za rangi, ina kisanduku cha asilimia tu. Wenzetu wa Oman wana shauri hilohilo, tena kwa uzito zaidi, kwa kuwa selimundu ya kwao ina asili mbalimbali, mojawapo ikiwa ile ya Waafrika wa Kibantu inayokumbusha mahusiano ya kale ya pwani zetu mbili, na nyingine ile ya Uarabuni na Uhindi, ambayo wenye nayo hubeba himoglobini ya kitoto nyingi kuliko wote.

Kwa hiyo, katika nchi za ukanda huu, kipimo cha aina ya himoglobini ya mama kingestahili kutangulia kioo cha Kleihauer au kwenda nacho sambamba, na kioo cha damu aliyotolewa mapema katika mimba, kikiwa kimetunzwa, kingekuwa kigezo bora kuliko kanuni yoyote. Katika vitabu vinavyofundishia vyuo vyetu jambo hili, likitajwa, hutajwa kwa mstari mmoja chini ya kichwa cha majibu ya uongo.

Zipo njia nyingine. Ya rozeti hufunika seli zenye antijeni D kwa kingamwili, kisha huongeza seli za kuashiria zinazojikusanya kuzizunguka kama petali. Huonyesha uvujaji wa kuanzia mililita 10 hivi, haihesabu, na humkosea mama mwenye antijeni D dhaifu kwa kumhesabu yeye mwenyewe kuwa ndiye mtoto. Saitometria ya mkondo, inayopitisha seli moja moja mbele ya miale ya leza na kusoma makumi ya maelfu kwa dakika chache, huondoa uchovu wa jicho na huzipima ngazi za rangi zilizotajwa, kwa kuwa seli ya mama yenye himoglobini ya kitoto kidogo hung'aa kidogo na ya mtoto hung'aa sana. Ikitumiwa kusaka antijeni D badala ya himoglobini, selimundu haiisumbui kabisa. Bei ya mtambo na ya kemikali zake ndiyo huuweka katika hospitali kubwa chache.

Juu ya hayo yote, mfumo wa Rh wenyewe una sura tofauti Afrika. Ulaya watu wapatao 15 katika 100 ni Rh hasi, na karibu wote wamekosa kirithi cha D kizima. Kenya na Tanzania ni wachache zaidi, baina ya 3 na 6 katika 100, na wengi wa Waafrika hao wanacho kirithi hicho lakini kimezimika kwa kasoro ndani yake. Tofauti hiyo ilileta taabu Dennis Lo na wenzake walipokwisha kuonyesha, mwaka 1997, kwamba vipande vya DNA ya kijusi huelea katika maji ya damu ya mama, na mwaka 1998 kwamba kundi la Rh la mtoto huweza kusomwa humo. Denmark ilianza mwaka 2010 kuwapima hivyo wajawazito wote wenye Rh hasi, ili asiyehitaji sindano asipewe. Kipimo kinachotafuta kirithi cha D bila kuuliza kama kinafanya kazi kitamwita Mwafrika chanya ilhali ni hasi, na vipimo vya sasa hutafuta sehemu zaidi ya moja za kirithi kwa ajili hiyo.

DNA humweleza daktari kundi la mtoto, wala haimwelezi ni mililita ngapi zilizovuja usiku wa ajali ya barabarani. Mjamzito aliyeumia tumbo, mama aliyejifungua mtoto aliyepauka pasipo sababu, na yule ambaye mtoto wake aliacha kucheza kisha akafia tumboni, wote hao, wawe Rh hasi au chanya, wana haki ya kioo cha Kleihauer, kwa kuwa uvujaji mkubwa ni chanzo cha kifo kisichoacha alama nyingine. Kwa mama mwenye Rh hasi kuna jambo moja zaidi, ambalo huanzia kwenye kadi ya kliniki iliyoandikwa kundi lake la damu tangu hudhurio la kwanza: chupa ya damu ichukuliwe kabla ya sindano ya anti-D, si mapema mno, bali baada ya nusu saa au zaidi tangu kondo litoke ili seli zipate kusambaa, wala isicheleweshwe hata seli zianze kutoweka, jambo linalotokea haraka hasa mama akiwa kundi O na mtoto kundi A au B, kwa kuwa kingamwili za ABO alizo nazo mama tangu zamani huzimaliza seli hizo ndani ya siku chache na kioo hutoka safi. Uvujaji ukionekana mkubwa na dawa ikaongezwa, damu hupimwa tena baada ya siku mbili au tatu, na kioo kikionyesha seli zilizobaki, sindano hutolewa upya.